Mimea ya Mila Isipotee, Maradhi Yasisafiri

Leo sitaanza na mbolea wala bei ya mazao. Nataka tuzungumze juu ya mimea ambayo huwa haiandikwi katika vitabu vya mavuno, lakini kila mwenye kihamba anajua mahali inaposimama. Nina maana ya mimea ya mila: isale la mpakani, ulezi wa mbege, msesewe wa kutia uchungu, na ndizi za pombe ya arusi na matanga.

Nimechagua habari hii kwa sababu nilialikwa katika mkutano mmoja wa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kijijini kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mkutano ule haukuwa wa chama wala wa serikali. Walikuwa wakulima wapatao 40, wazee na vijana, wanaopenda mimea ya jadi. Jumamosi walitembelea vihamba vitatu kuitazama mimea na kusikiliza wazee wakieleza matumizi yake. Jumapili, baada ya kutoka kanisani, kila mtu alikuja na mbegu, kipande cha shina au mche wa kubadilishana na mwenzake. Mimi niliitwa kama Bibi Shamba, nieleze namna ya kuitunza.

Nilijifunza mengi kuliko niliyofundisha. Na tena nilifanya kosa, ambalo nitawasimulia bila kuficha, maana somo kubwa la siku zile mbili limo ndani ya kosa hilo.

Isale, mlinzi wa mpaka

Tuanze na isale. Ni mmea wa jamii ya Dracaena, wenye shina jembamba na majani marefu ya kijani yaliyokaa kama manyoya ya jogoo. Ndugu zake hupandwa katika vyungu maofisini na majumbani, hata huko Ulaya, kwa ajili ya uzuri tu. Kwa Wachagga isale lina kazi kubwa zaidi. Hupandwa mpakani kati ya kihamba na kihamba. Hupandwa mahali walipolala wazee. Na mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la isale akamwendea kuomba msamaha. Anayeletewa isale ni vigumu sana kukataa.

Wala si Kilimanjaro peke yake. Kagera, Wahaya wana mmea wa jamii hiyo hiyo wanaouita omulamula. Nao husimama mpakani, na jina lake limetokana na neno la kuamua na kusuluhisha. Hata kule Kameruni, katika nyanda za juu za Magharibi na Kaskazini-Magharibi, mmea wa jamii hii ni alama ya amani. Watu walio mbali hivyo wameuona mmea mmoja na kuupa kazi moja!

Kwa nini uwe huo? Mkulima akitazama sawasawa ataona sababu. Kwanza, isale haliko tayari kufa. Likikatwa huchipua tena, na kipande kilichotupwa kivulini mahali penye unyevu kinaweza kuota mizizi. Pili, linavumilia kivuli cha migomba na kahawa, mahali ambapo michongoma mingine ingedhoofika. Tatu, ng'ombe na mbuzi hawalipendi sana kama wanavyopenda majani ya mgomba. Nne, linaishi miaka mingi kuliko aliyelipanda. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachofaa kuwa shahidi wa mpaka.

Jumamosi ile tulifika katika kihamba cha mama mmoja mjane. Upande wa juu masale yalikuwa yamesimama mstari mzima. Upande wa chini palikuwa na nafasi tupu kiasi cha hatua 20, na baada yake waya wa miiba. Alituambia kwamba wakati wa ugonjwa wa marehemu mumewe hakuna aliyeangalia upande ule. Masale yaling'olewa kidogo kidogo, na waya ulipopigwa ulikuwa umeingia ndani kwake hatua mbili. Hatua mbili kwa hatua 20, ndugu zangu, katika kihamba ambacho chote hakifiki nusu ekari, ni migomba ya kulisha watoto.

Mzee mmoja akachukua fimbo, akachokoa udongo pale penye nafasi. Hakukawia kupata kisiki cha isale, kimeoza juu lakini mizizi ingali. Akasogea hatua mbili, akapata kingine. Cha tatu kilikuwa na kijichipukizi chembamba kama kidole. Hapo hakuna aliyesema neno kwa muda. Mpaka wa zamani ulikuwa umejionyesha wenyewe.

Sasa, nataka mwelewe jambo moja. Isale ni shahidi mzuri, lakini siku hizi halitoshi peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji. Siku ya kupima, majirani na wajumbe huitembelea mipaka pamoja. Ikiwa masale yako yapo, kazi inakuwa nyepesi. Ikiwa hayapo, ni maneno yako na maneno ya jirani. Na kama ugomvi umekwisha kuzuka, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na kati yao wasipungue wanawake 3. Kazi yake ni kusuluhisha. Yule mama tulimshauri asing'oe waya kwa nguvu, bali aende kwenye baraza akiwa na wazee wale wale walioviona visiki. Na asivichimbue visiki vile, avifunike kwa majani makavu mpaka baraza lije kuviona kwa macho.

Namna ya kupanda isale ni hii. Ngoja mvua za masika zianze, au vuli ikiwa kwenu vuli ni ya kutegemewa. Kata shina lililokomaa kwa panga kali, vipande vyenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Viache kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, visije vikaoza. Angalia usigeuze: upande uliokuwa chini mtini ndio uingie chini udongoni. Fukia theluthi moja ya kipande, kanyagia udongo vizuri. Kwa uzio panda kila baada ya futi moja. Kwa alama ya mpaka tu unaweza kuachia hatua mbili au tatu. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: siku ya kupanda mwite jirani. Pandeni pamoja, watoto wakiwapo. Isale lililopandwa usiku na mtu mmoja ni ugomvi uliofichwa ardhini.

Ulezi unaopotea

Mmea wa pili ni ulezi. Mbege haiwi mbege kwa ndizi peke yake. Ndizi mbivu huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi nao hulowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, ukapikwa uji. Vikichanganywa ndipo inapopatikana pombe ya posa, ya arusi, ya matanga, na ya kikao cha ukoo.

Zamani ulezi ulilimwa hapo hapo Kilimanjaro, hasa mashamba ya chini, na mengine yakinyweshwa kwa mifongo. Siku hizi mahindi yamechukua nafasi. Ulezi mwingi wa mbege hununuliwa sokoni, umetoka mikoa mingine. Silaumu mahindi, yanashibisha. Lakini mtu akinunua ulezi sokoni hajui umekaa ghalani miaka mingapi. Ulezi una sifa kwamba nafaka yake ni ndogo mno, fukusi hawaipendi, na hivyo unakaa miaka bila kubunguliwa. Kwa uji ni sawa. Kwa kimea na kwa mbegu si sawa, kwa sababu punje iliyozeeka haioti. Punje isiyoota haitoi kimea, na mbege huwa maji matamu yasiyo na nguvu.

Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua punje 100, zihesabu kabisa. Ziweke juu ya kitambaa chenye maji maji, kikunje, kiweke mahali pa joto jikoni, usikiache kikauke. Baada ya siku nne au tano fungua uhesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, hiyo ni mbegu. Zikiwa 50, utahitaji mbegu mara mbili, afadhali utafute nyingine. Zikiwa chini ya hapo, kapike uji.

Mkutanoni akina mama wanne walikuja na ulezi wa rangi mbalimbali: mwekundu, wa kahawia, na mmoja mweupe ambao vijana wengi hawakuwahi kuuona. Mwenye ule mweupe alisema aliupata kwa mama mkwe wake, na kila mwaka huupanda mstari mmoja tu kando ya kahawa usije ukampotea. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa nao. Angeugua mwaka mmoja tu asipande, mbegu ile ingekwisha pale kijijini. Jioni ya Jumapili ulikuwa umekwenda katika nyumba tisa.

Kwa wale watakaopanda, fanyeni hivi. Lainisheni udongo, usiwe na mabonge, maana punje ni ndogo. Pandeni kwa mistari, futi moja kati ya mstari na mstari, na mkipunguza mwache kama sentimita 10 kati ya mche na mche. Kilo 2 hadi 3 zatosha ekari moja. Msitawanye ovyo. Kuna jani la porini linalofanana na ulezi kama pacha. Ukitawanya mbegu hutaweza kulitambua, lakini ukipanda kwa mistari, lolote lililo nje ya mstari ni gugu. Palilieni kabla ya juma la tatu kwisha. Mkiona kiduha, lile gugu lenye maua mekundu au ya zambarau linalonyonya mizizi ya nafaka, ling'oeni kabla halijatoa maua. Likishamwaga mbegu, zitalala ardhini miaka zaidi ya kumi zikikungojea.

Mbegu ya mwakani usiitoe ghalani. Itoe shambani. Pita ukichagua masuke makubwa, yasiyo na ukungu, yasiyovunjika shingo, uyafunge uzi kabla ya kuvuna. Hayo yakaushe peke yake, uyapure peke yake, uyaweke katika kibuyu au kopo lililofungwa vizuri, mahali pakavu.

Msesewe usiuawe kwa kuchunwa

Mmea wa tatu ni mti uitwao msesewe. Gome lake ni chungu, na ndilo linalotiwa katika mbege ili utamu usizidi. Mti huu hupenda mahali penye maji, kando ya vijito na mifongo, na hukua upesi. Lakini tulipotembea kandokando ya kijito tuliona miti miwili imekauka imesimama. Mtu alikuwa ameichuna gome kuzunguka shina lote.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupita katika gome. Ukilizungusha kisu, umefunga njia. Mizizi inakufa njaa, kisha mti mzima. Kwa hiyo chuna upande mmoja tu, ukanda mwembamba wa wima, usizidi robo ya mzunguko wa shina. Mwaka unaofuata usirudi pale pale, ngoja kidonda kifunge. Mti mchanga mwembamba kuliko paja usiuguse. Na kila anayechuna apande mmoja.

Jingine juu ya msesewe. Gome lile lina dawa kali ndani yake, za jamii inayoshusha presha. Wazee hutia kiasi kidogo. Vijana wasidhani kwamba uchungu ukizidi ndiyo pombe bora. Na mwenye kunywa dawa za presha hospitali amwulize daktari wake kwanza.

Kosa langu

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Jumapili alikuja mzee mgeni kutoka upande wa Bukoba. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa pale kijijini, akasikia habari za mkutano, akafurahi. Alileta kahawa ya kutafuna. Mnajua kwamba Wahaya walitafuna kahawa yao ya robusta muda mrefu kabla ya wamisionari kuleta kahawa ya arabika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni akija hupewa atafune. Tulizunguka tukitafuna, kila mtu amefurahi. Kahawa ile ilikuwa imepikwa, haiwezi kuota wala kubeba ugonjwa.

Kisha mzee akafungua gunia. Ndani mlikuwa na machipukizi mawili ya ndizi za pombe za kwao. Akasema, kwa heshima kabisa, "Hizi ni za baba yangu. Nimewaletea ili zichanganyike na zenu."

Mimi nikasimama mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mzee, machipukizi haya hayaruhusiwi. Yana ugonjwa. Lazima yaharibiwe."

Watu wakanyamaza. Mzee akakunja gunia lake polepole, akaenda kukaa nyuma. Mwenyeji wetu, mama mwenye umri wa mama yangu, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, umesema kweli, lakini hukuisema vizuri. Nenda kamwone kabla jua halijazama."

Nilijua la kufanya, maana tulikuwa tumelisema Jumamosi kutwa. Nikakata jani la isale, nikamwendea, nikapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekukosea mbele za watu. Naomba unisamehe."

Alilitazama jani, akacheka. "Kwetu huyu ni omulamula," akasema. "Huyu simkatalii. Keti."

Nikaketi, tukazungumza. Kumbe mzee aliujua ugonjwa ule kuliko mimi. Alikuwa ameng'oa karibu migomba yake yote kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka miwili familia ilikula mihogo. Machipukizi yale aliyatoa katika kipande kilichopona, akaamini ni mazima. "Sikuja kuwaletea kifo," akaniambia. "Nilikuja kuwaletea kilichobaki cha baba."

Basi pale ndipo nilipomweleza jambo ambalo ningepaswa kumweleza tangu mwanzo, na ndilo nataka ninyi nyote mlishike.

Ugonjwa usioonekana katika chipukizi

Mnyauko bakteria wa migomba, ambao wengi Kagera huuita unyanjano, ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulithibitishwa Kagera. Mgomba ulioupata huanza kunyauka na majani kuwa manjano, ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kahawia. Ukikata shina, baada ya muda mfupi hutoka utomvu mzito wa manjano kama usaha. Hauna dawa.

Tatizo ni kwamba shina moja la mgomba laweza kuwa na ugonjwa ndani na lisionyeshe dalili kwa miezi. Chipukizi lake litakuwa la kijani, zuri, lenye afya machoni. Ndiyo maana hatusemi "angalia kama ni zima". Tunasema usilitoe kabisa eneo lenye ugonjwa, hata kama ni la baba yako.

Kuna mnyauko mwingine, wa fusari, ambao hushambulia sana kisukari na aina nyingine zinazotumika kwa pombe. Huo huanzia majani ya chini, yakawa manjano yakavunjika na kuning'inia kama sketi. Ukikata shina unaona mistari ya kahawia au nyekundu ndani. Huo hukaa katika udongo miaka mingi, na husafiri kwa chipukizi, kwa jembe, na kwa tope la viatu. Kwa hiyo hata katika matembezi yetu ya Jumamosi, yafaa kila mtu akung'ute na kuosha viatu anapotoka kihamba kimoja kwenda kingine.

Na kuna fukusi wa migomba na vijinyoo vya mizizi, ambavyo hujificha katika kitako cha chipukizi. Hivi viwili vina dawa ya jikoni. Menya kitako kwa kisu kikali, toa mizizi yote na ganda lote la nje mpaka kiwe cheupe. Kikiwa na matundu meusi mengi, kitupe. Kisha kitumbukize katika maji yanayochemka, uhesabu polepole moja mpaka 30, ukitoe upesi. Sekunde 30, zisizidi. Panda ndani ya juma hilo. Lakini sikilizeni vizuri: maji ya moto huua vijinyoo na mayai ya fukusi. Hayaponyi mnyauko wa aina yoyote. Mtu asije akachemsha chipukizi lenye mnyauko akadhani amelisafisha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaomba panga. Tukatafuta mahali mbali na migomba, vijana wakachimba shimo. Akayakatakata machipukizi yale mwenyewe vipande vidogo, akavitia shimoni, gunia likachomwa moto. Panga likapitishwa motoni mpaka likawa halishikiki. Wenyeji walisimama pale kama watu wanaozika. Sikuona aibu kulia kidogo.

Kanuni za kubadilishana mimea

Kabla ya kuagana tulikaa tukakubaliana kanuni. Nazisoma hapa ili na ninyi, mkitaka kufanya mkutano wa namna hii kijijini kwenu, mzitumie.

Kwanza, mbegu kavu kama ulezi, maharage na maboga ndizo salama zaidi kubadilishana. Zije zimechaguliwa, zimekauka, na jina la mbegu na la mwenyeji wake limeandikwa.

Pili, vipande vya isale vije vimeoshwa, bila udongo hata kidogo.

Tatu, machipukizi ya migomba yasiletwe mkutanoni. Anayetaka aina fulani aende kuiona mahali iliposimama, na ikiwa kata hiyo haina mnyauko, achukue hapo hapo jirani, amenye na kuchemsha. Kwa aina ya mbali, ulizieni miche iliyozalishwa maabara kutoka shina lililopimwa. Mwulizeni afisa ugani wenu, au vituo vya utafiti kama TARI Tengeru na TARI Maruku. Mzee wetu tulimwambia hivyo: aina ya baba yake isikatiwe tamaa, ipelekwe kituoni ikapimwe.

Nne, mche wowote unaovuka mpaka wa nchi uwe na kibali. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inahusu hata mche mmoja uliofichwa katika kikapu cha zawadi.

Tano, panga na visu vya siku hiyo vipitishwe motoni, au vichovyewe katika Jik, sehemu moja kwa maji sehemu tano, kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Na kwenye migomba yenu nyumbani, mkungu ukishamaliza kutoa chane la mwisho, vunjeni ua dume kwa panda ya mti, si kwa kisu.

Sita, jambo lolote la kumkataza mtu zawadi yake asemeshwe pembeni, na aelezwe sababu. Hii waliiongeza wazee, nami nikainama.

Ndugu wakulima, mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo haitapanda isale wala haitapima ulezi. Hilo ni la mwenye kihamba, na mstari wake mmoja kando ya kahawa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chenu ni mmea gani wa mila umebaki kwa mtu mmoja au wawili tu? Nani atachukua mbegu msimu huu?
2. Mpaka wenu na jirani una alama gani? Mara ya mwisho mliutembelea pamoja lini?
3. Nani hapa amepokea chipukizi la mgomba kama zawadi? Lilitoka wapi, na lilifanyiwa nini kabla ya kupandwa?

Yule mama mjane ameniletea salamu. Baraza limekwisha kuviona visiki, na jirani amekubali waya urudi nyuma. Masika haya watapanda masale pamoja.